Shangazi wa Michezo Anajibu: Yule Dada Aliyeitwa Karanga

Toleo lililopita nilijaza nafasi ndogo chini ya ukurasa kwa habari ya Mamie Johnson, Mmarekani mweusi aliyelipwa kurusha mpira wa besiboli katika timu ya wanaume, kisha akawa nesi. Mhariri alitaka kuitoa aweke tangazo la sabuni ya unga. Nikamwambia sabuni ipo tangu enzi za mkoloni, itasubiri mwezi mmoja. Sasa barua zimenijaa mezani. Nimechagua nne. Zile za Simba na Yanga nimempelekea kijana wa dawati la soka, yeye ndiye anayelipwa kupandishwa presha.

*Shikamoo Shangazi. Nasoma kidato cha tatu hapa Ilala na nacheza softiboli shuleni, mimi ndiye mrushaji. Niliwasomea nyumbani ile habari ya Mamie Johnson, kaka yangu akasema umetunga, eti hakuna mwanamke aliyewahi kulipwa kwa besiboli, tena kati ya wanaume. Naomba unieleze kwa kirefu nimfunge mdomo. Mrushaji, Ilala.*

Marahaba mwanangu. Mwambie kaka yako akae, tena akae vizuri, maana mwanamke mwenyewe si mmoja.

Mamie alizaliwa 1935 Ridgeway, huko shamba, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani, zama ambazo mweusi na mzungu hawakunywa maji kwenye bomba moja. Aliyemwingiza kwenye mchezo ni mjomba wake, lakini usifikirie mzee wa baraghashia. Ni mjomba wa rika lake, wale wajomba tunaowajua sisi wa familia kubwa: asubuhi mmepigana, mchana mnakula sinia moja. Mpira wao ulikuwa jiwe lililozungushiwa utepe wa gundi. Usicheke. Sisi hapa Ilala tulisokota mipira kwa mifuko ya nailoni na kamba za katani, ila wetu ukikupata unasonya yanaisha. Wao ukiwapata wanahesabu meno.

Alipokua akahamia kaskazini, mwishowe akafika Washington, na kote alikopita alicheza na wavulana kwa sababu mkono wake ulikuwa wa huko. Akiwa na miaka kama 17 akasikia kuna ligi ya wanawake, ligi ya kulipwa kabisa, inafanya majaribio Alexandria, ng'ambo ya mto kutoka Washington. Akaenda na mwenzake, mweusi kama yeye. Walitazamwa kama watu waliokosea nyumba ya msiba. Hata mpira hawakupewa wajaribu. Ligi yenyewe nitaieleza kwenye barua inayofuata, ila lijue hili mapema: katika misimu yake 12 haikusajili Mmarekani mweusi hata mmoja.

Akarudi Washington kuendelea na kazi zake na mpira wake wa mwisho wa wiki. Mwaka 1953 akachukuliwa na Indianapolis Clowns, timu ya wanaume weusi. Hapa kaka yako ndipo atakapoanza kubisha, kwa hiyo twende polepole. Watu weusi wa Marekani walikuwa na ligi zao kwa sababu ligi kubwa ziliwafungia milango, mpaka 1947 Jackie Robinson, mweusi, alipovaa jezi ya Dodgers, timu ya ligi kubwa. Mlango ulipofunguka, wachezaji bora weusi wakaanza kuondoka, na mashabiki wakawafuata. Timu za weusi zikabaki na viti vitupu. Sasa tuseme ukweli, maana mimi si mpambaji wa bibi harusi: wenye timu walijua kwamba mwanamke uwanjani ataleta watu. Mwaka huohuo 1953 Clowns walimsajili Toni Stone, akacheza besi ya pili, yaani akalinda kituo cha pili kati ya vile anavyokimbilia mpigaji. Ni timu hiyohiyo aliyoichezea Hank Aaron mwaka mmoja kabla, yule aliyekuja kufikisha mapigo 755 ya kuvusha mpira nje ya uwanja. Mwenye timu akataka Toni avae sketi ili wanaume wafurahishe macho. Toni akakataa, akavaa suruali kama wenzake. Mwaka uliofuata akaja Connie Morgan. Kwa hiyo ni watatu: Toni, Mamie na Connie. Mwandikie kwenye karatasi aibandike ukutani.

Lakini tiketi humleta mtu getini tu. Ukishasimama katikati ya uwanja, mbele yako yuko mwanaume mwenye rungu mkononi na hana mpango wa kukuonea haya. (Naandika rungu kwa makusudi. Nikiandika gongo, nusu ya wasomaji wa Manzese watafikiria chupa.) Siku moja mpigaji wa Kansas City Monarchs, Hank Bayliss, alimtazama Mamie, mwembamba, urefu wa mita 1.6 hivi, akasema kwa sauti: huyu atamtoaje mtu nje, mbona hazidi punje ya karanga? Mamie akamtoa. Mipira mitatu akashindwa kuipiga, jamaa akarudi kukaa. Tangu siku hiyo akaitwa Karanga, na jina likamkaa mpaka uzeeni. Mpira wa kupinda aliufundishwa na Satchel Paige, ambaye kwa warushaji ni kama kusema umefundishwa taarabu na Bi Kidude. Misimu yake mitatu, 1953 mpaka 1955, huhesabiwa ushindi 33 na kushindwa mara 8.

Na usidhani ilikuwa raha. Timu ilizunguka kwa basi, na katika miji mingi hoteli hazikupokea weusi, basi walilala humohumo garini.

Uzeeni alikuwa akisema anashukuru walivyomkataa kule Alexandria, kwamba wangemchukua angekuwa mwanamke mmoja kati ya wengi, na yeye akajivunia kucheza na wanaume waliokuwa wazuri. Mimi hapo simwamini sana, Mungu amrehemu. Mtu haendi kwenye majaribio ya kitu asichokitaka. Lakini maisha ni yake, na maelezo nayo ni yake.

Kaka yako akibisha tena, mpe rungu, msimamishe uwanjani, umrushie wewe.

*Shangazi, mimi ni mzazi. Binti yangu anacheza huo mpira wa Wajapani shuleni. Anarudi vumbi mpaka kwenye nyusi, na juzi alichubuka paja kwa kujirusha chini. Mchezo sina ugomvi nao, ugomvi wangu ni suruali. Netiboli mbona wanavaa sketi na wanacheza vizuri? Nimemwambia bila sketi haendi. Nimekosea? Mzazi, Mbagala.*

Kaka yangu, umekosea, lakini umekosea kama alivyokosea tajiri mkubwa, kwa hiyo usijisikie vibaya.

Kwanza, tuwatendee haki wenye mpira: si wa Wajapani, wao wameuleta tu. Ni kweli mashindano yetu ya shule yanaitwa Tanzania Koshien kwa kufuata uwanja wa Japani ambako shule za sekondari zao hushindana, na ukipita Azania Sekondari hapo jirani na Jangwani utaukuta uwanja wenyewe wa besiboli. Ila mchezo ni wa Wamarekani.

Sasa tajiri. Mwaka 1943 Marekani ilikuwa vitani na vijana wa kiume wanachukuliwa jeshini. Philip Wrigley, mwenye kiwanda cha ubani wa kutafuna na mwenye timu ya Chicago Cubs, akaogopa viwanja vitakufa. Akaanzisha ligi ya wanawake wa kulipwa. Ilianza na timu nne, Rockford Peaches, Racine Belles, Kenosha Comets na South Bend Blue Sox, zote katika miji ya viwanda karibu na Chicago. Wasichana wakalipwa dola 45 mpaka 85 kwa wiki, na wengi wao mzazi nyumbani hakuwa anazishika fedha hizo. Ligi ikadumu mpaka 1954, wakapita humo zaidi ya wanawake 600. Mwaka wa neema yao ulikuwa 1948: timu kumi, na watazamaji karibu 910,000 kwa msimu.

Wrigley alikuwa na wasiwasi kama wako. Aliogopa watu watasema hawa ni wanaume wenye majina ya kike. Basi akawavika kigauni cha sketi fupi, juu ya goti. Wakalazimishwa kupaka rangi ya midomo. Nywele zisikatwe fupi. Suruali mtaani ni marufuku, ukikamatwa unatozwa faini. Kila timu ilipewa mama mlezi wa kuwachunga, ukitaka kutoka na mchumba unamuomba ruhusa yeye. Na jioni, baada ya mazoezi, mwaka wa kwanza walipelekwa darasani na watu wa Helena Rubinstein, kampuni ya vipodozi, kufundishwa kutembea, kuketi, na kupanda gari kistaarabu. Hebu fikiria umetoka kukimbia jua lote, mtu anakufundisha namna ya kushuka kwenye kiti! Sisi tungeita unyago, ila unyago wa bure wenye mama mmoja mkali, sio wa kampuni.

Haya, ndugu yangu, sasa mtazame mchezaji aliyevaa kigauni hicho. Katika besiboli kuna kuiba besi. Mrushaji akiwa anajiandaa, wewe uliye kwenye besi unachomoka mbio kwenda inayofuata, na mita mbili za mwisho unajitupa chini ukiteleza kwenye mchanga ili mkono wa mdakaji ukupite juu. Sophie Kurys wa Racine, msimu wa 1946, alijaribu mara 203 na akafaulu mara 201. Mara mia mbili na moja, kwa paja tupu, kwenye udongo uliokauka! Madonda hayo ya mapaja waliyaita stroberi kwa wekundu wake. Halijapona la jana, unaongeza la leo, na usiku shuka linaganda kwenye ngozi unalibandua asubuhi kwa maji ya uvuguvugu.

Kwa hiyo unapomwona binti yako na mchubuko mmoja akiwa ndani ya suruali, jiulize sketi ingemwacha na nini. Netiboli ni mchezo wangu, nimeucheza na sketi yangu ya marinda, naupenda kufa. Lakini netiboli hatujitupi chini. Ukianguka umeanguka kwa bahati mbaya, na unainuka huku unavuta sketi. Mpira huu kuanguka ndiyo kazi yenyewe. Hapo suruali ndiyo sitara. Ikiwa tatizo lako ni kubana, mnunulie ya saizi kubwa, na fulana ya mikono mirefu inayofunika kiuno. Kama anajisitiri kichwa, ajisitiri, afunge vizuri kwa nyuma isimwanguke machoni akiwa anatazama mpira juu.

Na ule mchubuko uoshwe na maji safi na sabuni kila jioni. Usimwache aufunge na udongo ndani. Vumbi la nyusi utalizoea.

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa michezo Kigamboni. Mkuu wa shule amenipa softiboli niifundishe na mimi nimesomea riadha. Besiboli na softiboli tofauti yake nini hasa? Na je, naweza kuanzia kwenye rede? Mwalimu.*

Mwalimu, tofauti kubwa ni mpira na mkono. Wa softiboli ni mnene, mzunguko kama sentimita 30, na unarushwa mkono ukitokea chini, kama unavyorusha ndoo ya maji kwenye bustani. Wa besiboli ni mdogo, sentimita 23 hivi, na mkono unatokea juu ya bega. Ile ligi ya akina Kurys iliziishi zote mbili: ilianza 1943 na mpira mnene wa kurushwa kutokea chini, mrushaji akisimama mita 12 kutoka kwa mpigaji; kufikia 1948 wakarusha kutokea juu; na msimu wa mwisho, 1954, mpira ulikuwa mdogo kabisa na umbali umefika mita 18. Kila miaka miwili mitatu mchezo ukibadilishwa miguuni mwao, na waliokuwa mabingwa wa kurusha kutokea chini wakajikuta wanaanza upya. Wanafunzi wako hawatapata shida hiyo.

Rede ndiyo, anza nayo, lakini kwa uangalifu. Wawili wa pembeni wanaorusha tayari wana bega na shabaha, hao wachague wawe warushaji wako. Yule wa katikati anayejaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa, huyo mwili wake umejifunza jambo moja tu: mpira ukija, kimbia. Utatumia wiki mbili kumfundisha asimame autazame. Anza na mpira wa tenisi uliochakaa, asiogope.

*Shangazi, mimi nina miaka 58. Nilicheza netiboli timu ya shirika la umma mwisho wa miaka ya 80, nafasi ya ulinzi. Shirika lilipobinafsishwa tukapunguzwa, mpira ukafia hapo. Sasa nauza maandazi Tandika, goti la kulia linalia kama mlango, na wajukuu hawaamini kwamba niliwahi kupanda hata basi la timu. Wale akina Karanga walipoacha mpira walikula nini? Na sisi tulifaidika nini? Nakutumia picha yetu uone, ila naomba usiichape. Mlinzi, Temeke.*

Shoga, jina umeficha lakini picha imekuumbua. Sitaichapa. Ila nimeitazama kwa miwani, nikaitazama bila miwani, nikaenda kutoa kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto kwenye mwanga. Kimepinda. Kilipindishwa kwenye uwanja wa saruji, fainali ya mashirika, na mlinzi mmoja mrefu wa timu ya pili aliyeruka kuzuia mpira wangu na kushuka na mkono wangu wote. Refa akapiga filimbi, wewe ukasema "pole dada" huku unacheka. Mimi nilikuwa mfungaji wa upande wa pili. Nimekukumbuka kila nikivaa pete.

Tuanze na walikula nini. Karanga alirudi darasani, akasomea unesi, akafanya kazi hiyo miaka 30 hospitalini Washington. Toni Stone naye alifanya kazi ya kuuguza kule Oakland. Dorothy Kamenshek, aliyeshika besi ya kwanza Rockford, wengi humhesabu kuwa bora kuliko wote waliopita kwenye ile ligi: alikuwa mpigaji namba moja 1946 na tena 1947. Mwaka 1950 timu ya wanaume ya Fort Lauderdale ikamtaka, akakataa, aliona ni wa kuoneshwa tu kama kichekesho. Mgongo ukawa unamuuma, anacheza amefungwa mkanda. Akaacha, akaenda Chuo Kikuu cha Marquette, akahitimu 1958 kuwa mtaalamu wa viungo. Maisha yake yaliyobaki akawanyoosha watoto wenye ulemavu kule Los Angeles. Mgongo wake mwenyewe ndio uliomwonyesha kazi, hivyo ninavyoona mimi. Na yupo Maybelle Blair, aliyechezea Peoria Redwings 1948, yeye akaingia kiwanda cha ndege cha Northrop, akakaa huko miaka 37.

Unaona, hakuna aliyestaafu akanunua nyumba Masaki. Wote wakaingia kazini kama mimi na wewe. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize, maana ni jambo ambalo limenikaa tangu nilijue.

Ligi ilipokufa 1954 hawakuzungumza. Walitawanyika kila mtu na mji wake. Wakaajiriwa na kuolewa, na mpira ukabaki sandukuni. Wengine majirani waliishi nao ukuta kwa ukuta bila kujua. Kwa nini? Si siri, ni kwamba hakuna aliyeuliza, na wakisema watu walidhani wanamaanisha softiboli ya kanisani. Ukieleza mara tatu ukachekwa, ya nne unanyamaza. Wewe na mimi hilo hatuhitaji kusimuliwa.

Ikapita zaidi ya miaka 25. Mwaka 1980 mmoja wao, June Peppas, akaanza kuandika jarida dogo la kutafutana. Anayo anwani ya mtu mmoja, huyo anayo ya wawili, hao wanajua aliyehama. Mwaka 1982 wakakutana Chicago kwa mara ya kwanza tangu ligi ife. Wamama wenye mvi, wanakumbushana nani aliiba besi gani. Na kwa vile sasa walikuwa kundi wakaanza kudai, na tarehe 5 Novemba 1988 jumba la makumbusho la besiboli la Cooperstown likafungua maonyesho ya wanawake. Filamu iliyowafanya wajulikane duniani ilitoka baadaye, 1992. Karanga naye: mwaka 2008 ligi kuu ya Marekani iliwaita wazee wa ligi za weusi waliokuwa hai, kila timu ikamchagua mmoja kama inavyochagua vijana wapya. Washington Nationals wakamchagua yeye, ana miaka 72. Alifariki 2017.

Sasa tulifaidika nini. Swali hili aliniuliza mama yangu mzazi siku aliyochukua jezi yangu namba tano akaifanya dekio. Alinikuta nimesimama mlangoni nikamwangalia anavyosugua sakafu, akasema, "Ilikuwa imelala tu." Sikumjibu, na wala sikuwa na jibu. Leo nina vipande vipande. Tuliajiriwa kwa sababu ya mpira: mimi kupiga taipu nilijifunzia ofisini kwa shirika lililonichukua kwa mabao yangu, na kupiga taipu ndiko kulikonileta kwenye dawati hili. Posho ya safari ya Mwanza nilinunua cherehani ya mama, huyohuyo wa dekio. Tulilala treni siku mbili, wasichana kumi na wawili, hakuna mwanaume wa kumuomba ruhusa ya kwenda kuchungulia dirishani Dodoma. Hayo ndiyo ninayoyajua. Ukiniambia hayatoshi kulipia goti sitakubishia, hayatoshi. Shirika lilipouzwa, walivunja mpaka uwanja wakaweka maghala, na sisi tukapewa bahasha. Bado nina hasira nayo, sitaki kujifanya imekwisha.

Goti: acha kusugua mafuta ya mbuni unayouziwa kituoni. Nenda hospitali ya rufaa uombe kuonana na mtaalamu wa viungo, sio kupewa vidonge tu. Kazi ya akina Kamenshek hiyo, watakufundisha mazoezi ya paja ya kufanya umekaa, maana paja likiwa na nguvu goti linapumzika. Na unapochoma maandazi weka stuli, usisimame saa nne mfululizo.

Picha: igeuze nyuma. Chukua kalamu ya wino, sio penseli, uandike majina yote kuanzia kushoto, nafasi ya kila mtu, mji na mwaka. Usiseme utakumbuka. Mimi katika ile yangu kuna dada mmoja wa ulinzi wa kati, tulilala naye chumba kimoja Morogoro, sasa namwita "yule mwenye mwanya" na jina limegoma kabisa. Labda wewe unalijua.

Kisha tafuta namba tatu. Tatu tu. Sisi hatuhitaji stempu za June Peppas, wajukuu wako wanajua kufungua kundi la WhatsApp kabla chai haijapoa, na wakishaona wamama kumi wanabishania pasi ya 1988, wataamini bila kuapa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huwa nashuka Tandika sokoni kununua dagaa. Nitakuja na picha yangu. Wewe utaje walinzi, mimi nitaje wafungaji. Na maandazi silipi, kidole bado nakudai.